Matanga Yaliyokula Mgomba

Jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwa Nungu lilikuwa ugomvi wa ndizi. Nungu, ambaye ni nungunungu wa makamo asiye na maneno mengi, alikuwa amemenya ndizi mbichi za chakula cha mchana. Mkewe, Bi Sikudhani, aliokota ganda moja chini, akaliinua kwenye mwanga, akasema, "Tazama unene huu. Wewe humenyi ndizi, unaichonga."

"Ganda halipotei," alisema Nungu. "Litachomwa, majivu yake yatalainisha maharage."

"Maharage yapi?"

Maharage yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Bi Sikudhani alisokota majani makavu ya mgomba yakawa ngata, akaiweka kichwani, akajitwika mtungi, akaenda chemchemini. Alipofika alitua mtungi, akaketi kando yake apumzike kidogo. Hakuinuka tena.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Nyasi za bondeni zilikuwa zimegeuka vumbi, swala walikuwa wamehama bila kumuaga mtu, na Simba, mfalme, aliendelea kunguruma saa zile zile za zamani ingawa hapakuwa na wa kutetemeka. Kitu pekee kilichobaki kijani kilikuwa shamba la migomba la Bi Sikudhani, chini ya chemchemi. Alilipanda mwenyewe, akalimwagia maji ya kuoshea vyombo kila jioni, na akalilinda mwenyewe pia. Hakuna mnyama bondeni ambaye hakuwahi kuonja mwiba wake. Wala hakuna aliyewahi kushtaki, maana ingembidi kwanza aeleze alikuwa akitafuta nini mgombani.

Sasa alikuwa amekufa, na wanyama wote wakaja kwenye matanga.

Bondeni humo msiba ulikuwa na desturi zake, na kila mtu alizijua. Waombolezaji hulishwa na mfiwa. Mfiwa akiwafukuza, shamba lake huchukuliwa na mfalme kwa kosa la kudharau msiba. Na matanga huanuliwa siku moja tu, siku mfiwa anapocheka, kwa sababu kicheko ndicho ushahidi kwamba amerudi kwa walio hai. Ili siku hiyo isichelewe, watani huja kufanya mizaha: hulala kitandani pa marehemu, huiga mwendo wake, hudai chungu chake. Watani wa nungunungu ni sungura, tangu enzi za mababu. Na kicheko cha nungunungu hakigushiki. Anapocheka kweli, miiba ya kiunoni hugongana yenyewe, ikatoa mlio kama wa njugu ndani ya kibuyu. Mdomo unaweza kudanganya, kiuno hakiwezi.

Sungura alifika mapema. Alimtazama mfiwa, kisha akaitazama migomba. Migomba aliitazama kwa muda mrefu zaidi.

"Bwana Fisi," alinong'ona, "njoo hapa nyuma ya nyumba. Unaona mikungu ile?"

"Naona," alisema Fisi, na mate yakamdondoka kwenye kidole cha mguu. "Naiona tangu jana."

"Msiba huu ukiisha kesho, kesho kutwa utakula nini?"

Fisi alifikiri. Kwake kufikiri kulikuwa kazi nzito, akalazimika kuketi, na aliketi upande upande, kwa tako moja, kama ilivyokuwa kawaida yake. "Vumbi," alisema hatimaye.

"Basi msiba usiishe. Na mwenye kazi ya kuumaliza ni nani? Ni mimi, mtani. Mimi ndiye nimchekeshe. Sasa je, nikimchekesha vibaya?"

Fisi alielewa, akaanza kucheka. Sungura akarukia mgomba wa karibu, akachuma ndizi, akamsukumia mdomoni. "Hapana! Wewe ndiye hatari yangu kubwa. Kicheko chako ni ugonjwa wa kuambukiza. Kuanzia sasa, kila ukijisikia kucheka, mdomo wako uwe na ndizi."

"Na nisipojisikia kucheka?"

"Mdomo wako uwe na ndizi."

Fisi aliona kwamba mpango huu ulikuwa umefikiriwa vizuri kweli.

Basi mizaha ikaanza. Wanyama wakaketi duara uani, Simba akiwa mbele kama mwamuzi wa vicheko, na Nungu mlangoni kwenye kiti cha mfiwa. Sungura alisimama katikati, akakohoa.

"Palikuwa na kinyonga mmoja," alisema. "Alikwenda sokoni."

Watu walingoja.

"Akarudi," alisema Sungura, akaketi.

Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba walisikia chemchemi ikidondoka. Fisi peke yake ndiye aliyeona kichekesho hicho ni kitamu, akajaza ndizi tatu mdomoni kwa pamoja, machozi yakimtoka. Sungura akasimama tena, akasimulia habari za ukuta. Alieleza urefu wa ukuta huo, kisha upana wake, kisha akasema kwamba upande wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Simba alisinzia. Nungu aliyasikia yote, kila neno, kama mtu asikiavyo mazungumzo ya nyumba ya jirani. Siku hizo alikuwa akijikuta amesimama mlangoni bila kukumbuka kama alikuwa anatoka au anaingia.

"Hajacheka," alitangaza Simba alipozinduka. "Msiba unaendelea. Leteni chakula."

Chakula kilikuwa ndizi. Simba, kwa kuwa ni simba, hakula ndizi. Alikula kitu alichokiita nyama ya manjano, na ole wake aliyekiita kwa jina jingine. Zile mbichi zilizochemshwa alisema ni nyama ya mfupa.

Haukupita muda Fisi akamjia Sungura ameshika tumbo. "Mtani wa watu, nimefunga choo."

"Kula ndizi mbivu," alisema Sungura. "Ndizi mbivu hulainisha tumbo, hurudisha nguvu mwilini, na haimchoshi mgonjwa kutafuna."

"Nile ngapi?"

"Mpaka upone."

Fisi alikula mpaka akapona, kisha akapona kupita kiasi. Alirudi mbio, amebana miguu. "Sasa tumbo linaendesha!"

"Hiyo inataka ndizi mbichi. Chemsha, ponda, kula. Mbichi hukaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukaze."

Fisi alikaza. Mara akaja tena akiwa ameshika tumbo, analalamika kwamba amefunga choo. Hapo ndipo Sungura alipotambua kwamba ugonjwa huu, ukisimamiwa vizuri, hauna mwisho. Aliitisha mkutano uani akatangaza kuwa huzuni imeshuka matumboni, na kwamba mwombolezaji aliyeugulia msibani ni wajibu atibiwe hapo hapo msibani. Wanyama wakagawanyika makundi mawili, wenye kufunga na wenye kuendesha, na kila jioni makundi yakabadilishana zamu.

Ubaya wa maneno ya Sungura ni kwamba mengi yalikuwa kweli. Nungu alijua hivyo. Ndizi ilikuwa chakula cha kwanza cha mtoto na cha mwisho cha mzee asiye na meno. Jani lake lilikuwa sahani, kifuniko cha chungu, mwavuli wa mvua, na kitanda kisichonata kwa aliyeungua moto. Gamba lake likikaushwa lilikuwa kamba, na ua lake mboga. Bi Sikudhani alitumia vyote, kila kimoja mahali pake na kwa kiasi chake. Sungura alichofanya ni kuondoa kiasi.

"Mfalme wangu," Sungura alimwambia Simba, "nakuona una uchovu wa utawala."

"Ninao," alisema Simba, aliyekuwa ameamka muda si mrefu.

"Dawa yake ni jani bichi kifuani, jani bichi mgongoni, na magamba ya mgomba shingoni ili fikra zisivuje."

Simba akafungwa majani kuanzia kidevu hadi mkia, akabaki kichwa tu, kama mkate wa ndizi mbivu unaosubiri kuokwa. Aliona amependeza. Akaagiza afungwe upya kila asubuhi, kwa majani mapya, yasiyo na tundu.

Kitu kimoja tu kilimkosesha Sungura raha, nacho ni maganda. Uani palikuwa na ndizi nyingi na miguu mingi, na alijua kwamba siku mtu mmoja atakapoteleza, hasa akiwa mnene, hasa akiwa mfalme, mfiwa atacheka na kila kitu kitakuwa kimekwisha. Kwa hiyo akaweka walinzi wa maganda. Ganda halikuruhusiwa kugusa ardhi. Lilidakwa hewani, likapelekwa motoni, na majivu yake yakakabidhiwa kwa Mama Ngiri jikoni.

Mama Ngiri alikuwa jirani, na rafiki wa marehemu kwa miaka yote, ingawa alikuwa na makovu mawili yanayotokana na urafiki huo. Yeye ndiye aliyepika, na ndiye pekee aliyekuwa akihesabu si alichokula bali kilichobaki. Siku moja alimfuata Nungu mlangoni, mikono imejaa majivu.

"Shemeji," alisema, "vyungu vinang'aa kuliko mwezi. Majivu ya ganda la ndizi yanatoa masizi vizuri sana. Lakini kesho kutwa sitakuwa na cha kupika ndani ya vyungu hivyo. Umeingia mgombani karibuni?"

"Sijaingia."

"Ingia basi. Mikungu yote imekatwa. Na mgomba huzaa mara moja tu, nani asiyejua? Ukishakatwa mkungu, shina ni la kufa. Kilichobaki cha dada yangu ni machipukizi, haya madogo yanayotoka pembeni. Na nimemsikia Sungura asubuhi akiwaambia wagonjwa kwamba dawa kubwa kuliko zote imo ndani ya mzizi wa chipukizi. Wanataka kuyang'oa."

Nungu aliitazama mikono yake.

"Nikiwafukuza, shamba ni la Simba," alisema.

"Na ukiwaacha, shamba ni la tumbo la Fisi. Kwa hiyo cheka, shemeji. Cheka leo."

"Mama Ngiri, nacheka vipi?"

"Mimi nitajuaje? Fungua mdomo, toa sauti."

Nungu alijaribu. Aliingia uani, akasimama mbele ya Simba, akafungua mdomo na kutoa sauti. Wanyama waliokuwa karibu walirudi nyuma.

"Hiki ni kikohozi," alisema Simba kutoka ndani ya majani yake.

"Ni kicheko, mfalme."

"Kiuno hakijasema kitu. Rudia."

Nungu alirudia. Sauti ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

"Masikini, kifua kimembana!" alilia Sungura, akamshika mkono kwa upole. "Mleteeni mfiwa ndizi mbivu. Ndizi mbivu hulainisha na koo." Akamkalisha, akamwekea ndizi kwenye kiganja, na Nungu akabaki ameishika. Mama Ngiri alijaribu kumtekenya kwa unyoya. Alimtekenya nyayoni, makwapani, chini ya kidevu, lakini Nungu alikaa tu akimtazama kwa adabu, kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi, mpaka Mama Ngiri mwenyewe akaona aibu akaweka unyoya chini.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya kilima, Sungura alitangaza kwamba asubuhi watachimba machipukizi. Wagonjwa walishangilia. Wenye kufunga na wenye kuendesha walikumbatiana, kwa tahadhari. Nungu alisikia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alisikia kitu kikiwa karibu, si nyumba ya jirani. Aliona kwamba kesho hakutakuwa na kitu chochote juu ya ardhi ambacho mkewe alikigusa na kikaota.

Sungura naye alikuwa akimchunguza. Aliona mdomo wa Nungu umetetemeka, akashtuka. Hakujua kama ule mtetemo ni wa kilio au wa kitu kingine, na Simba pale alipokuwa, amefungwa majani mpaka masikioni na nzi ametua puani, alikuwa kituko cha hatari. Imebaki asubuhi moja tu, Sungura aliwaza. Mfiwa azamishwe kabisa kwenye huzuni, ili hata tukiangukiana wote humu asione. Na kitu gani humliza mfiwa kuliko sifa za marehemu?

Akasimama katikati ya ua, akainamisha masikio yote mawili, akaanza kwa sauti ya kutetemeka.

"Ndugu zangu. Leo sitaki mzaha. Leo mtani naweka utani kando, nimtaje Bi Sikudhani."

Ua ukatulia.

"Alikuwa mpole," alisema Sungura.

Fisi, aliyekuwa anatafuna, alisimamisha taya.

"Upole wake, ndugu zangu, ulikuwa kama maji ya mtungini. Sauti yake haikusikika nje ya nyumba. Ukipita karibu na shamba lake, ukanyoosha mkono kuchuma ndizi, alikuwa akisema nini? Alikuwa akisema, 'Chukua na nyingine, mpenzi, hiyo moja itajisikia upweke.'"

Mama Ngiri alitazama juu, kana kwamba kuna wingu. Hapakuwa na wingu.

"Mume wake," Sungura aliendelea, akifuta jicho kwa sikio, "hakuwahi kujibiwa neno. Akisema keti, aliketi. Akisema pika, alipika. Akimenya ndizi, alishukuru. Na ile miiba yake! Mungu alimpa miiba, lakini aliivaa kama pambo tu, kama shanga. Nani hapa aliwahi kuguswa na mwiba wa Bi Sikudhani? Nauliza! Kama yupo, ainue mkono."

Hakuna aliyeinua mkono.

Kimya kilikuwa cha namna ya pekee. Ngedere alificha mkia wake uliopinda. Mbweha alikunja sikio lenye tundu. Fisi, ambaye hakuwa ameketi kwa matako mawili tangu mwaka jana, alijaribu sasa kuketi sawasawa ili asishukiwe, na uso wake ukabadilika rangi. Simba, bila kufikiri, alikuwa ameshaanza kuutoa mkono wake kutoka kwenye majani kwenda puani, palipokuwa na kovu la mviringo ambalo kwa miaka yote alisema ni jeraha la vita na tembo. Mkono ulipofika nusu ya njia alitambua kwamba umeinuka. Kila mtu alikuwa akiutazama. Simba akaupunga taratibu, kama anayemsalimu mtu aliye mbali.

"Sikudhani?" alisema Nungu. "Mpole?"

Kitu kilisikika. Kilikuwa kidogo sana, kama njugu moja ndani ya kibuyu. Sungura aligeuka.

"Alinichoma siku ya harusi," alisema Nungu. "Mbele ya mashahidi. Nilikanyaga chipukizi lake nikielekea mkekani."

Njugu ya pili, ya tatu, kisha zote. Miiba ya kiuno cha Nungu iligongana mpaka ukuta wa nyumba ukajibu. Alicheka ameinama, mikono magotini, machozi yakimshuka hadi kwenye ndizi iliyokuwa imesahauliwa kiganjani, na alipojaribu kusema "kama shanga" sauti ilikatika akaanza upya. Haikuwa wazi wakati wote kama anacheka au analia, lakini kiuno kilijua, na kiuno kiliendelea kusema.

"Hapana!" alipiga kelele Sungura. "Hicho ni kifua! Mleteeni ndizi!"

Lakini ndizi zilikuwa mdomoni mwa Fisi, na Fisi alikuwa ameshindwa. Alijaribu kumeza, akajaribu kufumba, kisha kila kitu kikatoka kwa pamoja, kicheko mbele na uji wa ndizi nyuma yake, na vyote vikamwangukia mfalme usoni. Hakukuwa na mtu aliyeweza kuzuia tena. "Alisema," Fisi alicheka akijigaragaza, "mtani alisema... tukimchekesha vibaya... msiba hauishi! Nami niwe na ndizi mdomoni... nicheke nisicheke!"

"Amechanganyikiwa," alisema Sungura haraka. "Ni tumbo."

"Tumbo langu ni wewe unayelifunga na kulifungua kama mlango wa duka!" alisema Fisi, akacheka mpaka akalala chali.

"Nami mkia wangu ulipindishwa na marehemu," alisema Ngedere ghafla, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Msimu wa kwanza alipopanda."

"Mimi sikio," alisema Mbweha.

"Mimi hapa na hapa," alisema Mama Ngiri, "na nilikuwa nimekuja kumsalimia tu!"

Fisi akanyoosha kidole nyuma yake, hakuhitaji kueleza.

Wote wakamtazama Simba. Uji wa ndizi ulikuwa ukimdondoka kutoka kwenye nyusi. Alifikiri kwa muda, na kila mtu aliyemfahamu alijua kwamba anatafuta njia ya kulitoka jambo hili akiwa juu.

"Nyinyi," alisema hatimaye, "mmechomwa mikia. Mmechomwa matako. Mfalme alichomwa puani, uso kwa uso. Hakuna katika bonde hili aliyechomwa kwa heshima kama mimi." Akainuka, majani yakipasuka pande zote. "Nami ndiye mwamuzi. Nimesikia kiuno. Matanga yameanuliwa."

Sungura tayari alikuwa akirudi nyuma kuelekea uchochoro wa nyumba.

"Mtani," Simba alimwita. "Unakwenda wapi na heshima yako hujapewa?"

Heshima hiyo ndiyo inayofanya watani wenye akili wachekeshe kwa kundi, ili waigawane. Mtani aliyefaulu kumchekesha mfiwa hufagia ua wa msiba, huosha vyungu vyote, na hulitilia maji shamba la mfiwa mpaka mvua ijayo inyeshe. Sungura alitazama kilima. Alitazama anga, ambalo halikuwa na nia yoyote.

"Lakini si mimi niliyemchekesha!" alisema. "Nilikuwa namliza! Kila neno nililosema lilikuwa la huzuni! Lilikuwa la uongo, lakini la huzuni!"

"Ufagio uko nyuma ya mlango," alisema Mama Ngiri. "Anza upande wa Fisi, ndiko kunakonata."

Wanyama waliondoka mmoja mmoja, wakimpa Nungu mkono. Wengi waliona haya, na waliokuwa na ndizi kwapani waliziacha pale kizingitini bila kusema kitu. Tangu siku hiyo, katika bonde lile, anayesimama kumsifu marehemu hutakiwa kutaja na mwiba wake. Sifa isiyo na mwiba hawaiamini tena, kwa sababu walimwona Sungura akimsifu mtu ambaye hakuwahi kuwepo, na akajiponza mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Nungu alitwaa jembe na panga, akaingia mgombani. Kila shina lililokwisha kuzaa alilikata, akalipasua katikati, na vile vipande vyenye maji bado akavilaza kuzunguka chipukizi lililo karibu, upande mbichi chini, ili udongo usikauke. Alifanya hivyo kwa utaratibu, mstari baada ya mstari. Huku nyuma Sungura alikuwa akipanda na kushuka na mtungi, akinung'unika kwamba masikio hayakuumbwa kwa ngata.

Alipofika kwenye chipukizi la mwisho, Nungu alichimbia jembe ardhini akaliegemea. Kisha akaanza kumsimulia mkewe habari za msiba wake, kwa sauti ya kawaida: nani walikuja, nani walikula kuliko wengine, mfalme alivyofungwa majani. Alieleza alivyosimama Sungura na alivyoinamisha masikio. "Akasema ulikuwa mpole," alisema, na miiba ikaanza tena.